Kunakili databezi iliyo hai hadi saiti ya mbali kwa kutumia storeji: tunavyofanya Dodoma kwenda Moro

Wakuu, hii ni kwa yule aliyeko Dodoma, Singida, Manyoni huko, ana seva moja au mbili zimebeba mfumo wa watu, labda SACCOS, labda zahanati, na anajua kabisa siku chumba cha seva kikishika moto ndo basi tena. Mimi naangalia mfumo wa akiba na mikopo wa wakulima, seva ziko hapa mjini Makole na saiti ya pili iko Morogoro. Databezi haizimwi, watu wanaweka na kutoa mchana kutwa, na msimu wa mahindi Kibaigwa ukichanganya ndo usiseme, mawakala wanaingiza miamala hadi saa tatu usiku. Kwahiyo ile ya kusema tunazima mfumo saa sita tunakopi folda tunawasha haipo.

Kwanini nakili chini kwenye storeji, yaani kule diski zinapohifadhi data, na sio kwenye databezi yenyewe? PostgreSQL ina replikesheni yake (kujinakili yenyewe hadi seva nyingine) na ni nzuri sana, MySQL pia, na kama una databezi moja tu tumia hiyo, sikufichi. Ila sisi tuna PostgreSQL ya mikopo, tuna MySQL ya mfumo wa zamani wa hisa, alafu kuna folda la nyaraka zilizoskaniwa, fomu za mkopo, vitambulisho, hati za viwanja, na vyote vitatu vinategemeana. Mkopo ukisema fomu ipo na fomu haipo, mkaguzi hakuelewi. Ukinakili kila kimoja kwa njia yake unapata vitatu vya nyakati tatu tofauti. Storeji haijui hii ni Postgres hii ni PDF, yenyewe inaona bloku tu, vipande vya data kwenye diski, ndo maana inaweza kuvipiga picha vyote kwa mpigo mmoja.

Na hapo ndo roho ya jambo zima ilipo, naomba uelewe hapa hata ukisahau amri zote. Databezi inaandika kwanza kwenye logi (Postgres wanaiita WAL, InnoDB ya MySQL ina redo logi), alafu baadae ndo inapeleka kwenye faili za data. Umeme ukikatika ghafla, ikiwaka inasoma logi inamalizia zilizobaki, na hii sisi wa huku tunaijua vizuri maana umeme umetufundisha. Sasa snapshoti ya storeji, ndo hiyo picha ninayosema, ni sawasawa na umeme kukatika sekunde ile: ukiifungua upande wa pili databezi inadhani ilizimika vibaya, inasoma logi, inanyanyuka. Lakini hiyo inafanya kazi KAMA data na logi zimepigwa picha kwa wakati mmoja. Data ikiwa ya saa 4:00 na logi ya saa 4:01, au kinyume chake, hauna databezi, una mafaili tu.

Niliwahi kufika ofisi moja nikakuta wanafanya rsync (programu ya kukopi mafaili) ya folda la Postgres kila usiku huku inatembea, miaka miwili, kila asubuhi ripoti inasema imefaulu. Siku diski zilipokufa tukafungua nakala, ikagoma. Rsync inapita faili moja moja, inapoanza faili la kwanza hadi inamaliza la mwisho imepita nusu saa, na ndani ya hiyo nusu saa databezi imeandika kila mahali. Tulikaa wiki tatu tunaingiza stakabadhi za karatasi upya na yule mama mhasibu, hadi leo nikimkumbuka alivyokuwa anahesabu zile karatasi usiku naumia. Rsync ya folda la databezi iliyo hai, bila kufuata utaratibu wa pg_backup_start na pg_backup_stop (amri za kuiambia Postgres bakapu inaanza na imeisha), usiifanye kabisa.

Sasa suala la umbali. Kuna kunakili kwa sinki, yaani muamala haukubaliwi hadi upande wa pili nao uwe umeandika, na kuna asinki, unakubaliwa hapa alafu kule unafuata nyuma. Kila mtu anatamani sinki maana hakuna kinachopotea, ila hesabu ndo inakukatalia. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kwa barabara Dodoma hadi Moro ni kama kilomita 260, kwenda na kurudi tu ni zaidi ya milisekunde 2.5 hata kama vifaa vyote njiani vingekuwa havichelewi, na vinachelewa. Pima mwenyewe kwa ping (amri inayopima muda wa kwenda na kurudi) mchana wa kazi, ukipata tuseme milisekunde 8 maana yake miamala inayopangana foleni mmoja mmoja haizidi 125 kwa sekunde, na siku faiba ikikatwa na greda la barabara mfumo wa Dodoma nao unasimama unasubiri Moro. Mimi hiyo siikubali. Mwanachama yuko dirishani na hela mkononi, asisimamishwe na kitu kilichotokea Gairo.

Kama saiti zako mbili ziko mji mmoja, mfano Mtumba na mjini, na una faiba yako ya uhakika, hapo angalia DRBD, inayonakili diski ya seva moja kwenda nyingine kwa mtandao, ipo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo 2.6.33 la mwaka 2010. Ina protokali tatu: C inasubiri diski ya mwenzako iandike, B inasubiri tu data ifike kwenye memori yake, A haisubiri, ikishaandika hapa na kuweka kwenye bafa ya mtandao (memori ya kusubiria kutumwa) inaendelea. Mji mmoja tumia C. Masafa marefu watu wanatumia A, ila jua mambo mawili. Bafa ikijaa sababu laini ni nyembamba, uandishi wa hapa nao unakwama, usipokuwa umeweka on-congestion pull-ahead, inayoruhusu hapa paendelee na kule pasinkiwe baadae. Na ikishaachana alafu ikaanza kusinki upya, ile kusinki haifuati mpangilio wa uandishi, kwahiyo muda wote huo nakala ya mbali haifai kufunguliwa, na saiti kuu ikifa katikati hapo umekosa vyote. DRBD inakuja na skripti ya kupiga snapshoti ya LVM (mgawanyo wa diski wa Linux) kabla kusinki haijaanza, iwashe, watu wengi hawaiwashi.

Wenye hela za storeji kubwa, mambo ya SnapMirror ya NetApp au SRDF ya Dell, sheria ni ile ile, volyumu zote za databezi moja ziwe kundi moja la kupigwa picha kwa pamoja. Mwambie fundi wenu hivo hivo na aoneshe kwenye skrini.

Sisi tunatumia ZFS, mfumo wa kupanga data kwenye diski wenye snapshoti ndani yake, ya bure, kwenye Ubuntu, na asinki ya kila dakika 5. Kabla sijaendelea: hiyo dakika 5 sio mimi niliyeamua. Nilikaa na mwenyekiti nikamwambia, "Mzee, Dodoma ikiungua sasa hivi tutapoteza miamala ya dakika kama tano hadi kumi, mtaipata wapi?" Akafikiria akasema, "Kijana wangu, za dirishani zina stakabadhi, za wakala zina meseji kwenye simu, tutazipata." Sawa, ikaandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Wewe nawe uliza kwanza, usijiamulie hasara ya watu wengine.

Mpangilio wa Dodoma uko hivi, puli moja (diski zilizounganishwa pamoja), chini yake dataseti (kama folda kubwa linalopigwa snapshoti) ya baba na watoto watatu:

zfs create -o compression=lz4 tank/mfumo
zfs create -o recordsize=8K tank/mfumo/pg
zfs create -o recordsize=16K tank/mfumo/my
zfs create tank/mfumo/nyaraka

Postgres inaandika kurasa za kilobaiti 8 na InnoDB kurasa za kilobaiti 16, ndo sababu ya hizo namba. La muhimu zaidi ni vyote viwe puli moja, maana snapshoti ya -r inapiga baba na watoto wote kwa wakati mmoja ndani ya puli moja tu, ukiweka WAL kwenye puli nyingine ya SSD kwa ajili ya spidi umevunja kila kitu nilichosema huko juu. Angalia pia kama pg_wal ni folda la kweli au ni kiungo kinachoelekea sehemu nyingine, na tablespace nazo (folda za data zilizowekwa nje ya folda kuu), hizo njia zinaandikwa kamili kuanzia mwanzo wa diski, ukija kufungua nakala kule zinaelekea pasipo. Mimi nimeweka vyote ndani ya dataseti moja nikalala. Upande wa MySQL hakikisha hakuna jedwali la wanachama bado ni MyISAM, aina ya zamani ya majedwali ya MySQL, MyISAM haina logi ya kujiponya, tafuta kwenye information_schema.tables na uyageuze kuwa InnoDB. Na fsync ya Postgres (inayohakikisha data imefika kweli kwenye diski) usiizime hata mtu akuambie mfumo utapaa.

Kule Moro:

zfs create -o canmount=off -o readonly=on hazina/mfumo
zfs allow -u nakala receive,create,mount hazina/mfumo

Yuza huyo nakala nimempa kupokea tu, sijampa destroy. Mtu akiivamia seva ya Dodoma asiweze kufuta snapshoti za Moro, usafi wa snapshoti za kule unafanywa na kule kwenyewe. Na readonly inazuia mtu kuandika kwa bahati mbaya, maana nakala ikiguswa hata kidogo inayofuata itakataa kuingia.

Kabla ya kununua laini pima unaandika kiasi gani. Piga snapshoti mbili zimepishana saa moja, saa ya kazi nyingi, alafu zfs send -nv -i ya kwanza hadi ya pili itakuambia saizi bila kutuma chochote. Mfano ikija gigabaiti 6 kwa saa, hiyo ni megabiti 13 na kitu kwa sekunde mfululizo, laini ya 10 haikutoshi hata ukiomba. Usipime Jumapili. Pima siku ya kulipana.

Mzigo wa kwanza ndo mzito. Gigabaiti 600 kwenye laini ya megabiti 20 ni kama saa 67, karibu siku tatu, na ikatike mara ngapi hapo katikati. Sisi mbegu, yaani huo mzigo wa kwanza, tuliibeba kwa basi. Diski ya nje, imefungwa kwa LUKS (kufuli la nywila la diski nzima) kwanza, puli mpya juu yake nikaiita basi:

zfs snapshot -r tank/mfumo@mbegu
zfs send -c tank/mfumo/pg@mbegu | zfs recv -u basi/pg

Hivyo hivyo kwa my na nyaraka, alafu zpool export basi ndo uchomoe, sio uchomoe tu. Nikapanda nayo mwenyewe, mkoba mapajani hadi Msamvu. Sio vitu vya kumpa kondakta, humo mna vitambulisho na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, ikipotea bila kufungwa ni kesi na ni aibu. Kule zpool import basi, unatuma kutoka basi kwenda hazina/mfumo, na kuanzia hapo mtandao unabeba mabadiliko tu.

Skripti ya Dodoma, kiini chake ni hiki:

set -o pipefail
S=$(date +%Y%m%d%H%M)
zfs snapshot -r tank/mfumo@$S
zfs hold -r nakala tank/mfumo@$S
for d in pg my nyaraka; do
zfs send -c -i @$ZAMANI tank/mfumo/$d@$S | ssh nakala@moro zfs recv -s -u hazina/mfumo/$d || exit 1
done

ZAMANI ni jina la snapshoti ya mwisho iliyofika kwa watoto wote watatu, nalihifadhi kwenye faili na nalibadilisha pale tu kitanzi chote kimeisha salama, ndipo naachia hold (kufuli linalozuia snapshoti isifutwe) ya ile ya zamani. Bila pipefail skripti itakuambia imefaulu hata kama upande mmoja wa bomba umekufa. Ifunge kwa flock, kufuli la skripti, maana kroni (ratiba ya seva) inaita kila dakika 5 na siku mzigo ukichukua dakika 9 hutaki skripti mbili zinagombana. Na ile hold sio pambo: siku mtu akifuta snapshoti ili apate nafasi kwenye diski akaifuta ile ya mwisho ya pamoja, hakuna tena pa kuanzia, unarudi kwenye basi.

Faiba ikikatika katikati, ile -s imehifadhi ilipofikia. Kabla ya kutuma mpya uliza kule zfs get -H -o value receive_resume_token hazina/mfumo/pg, ikikupa mstari mrefu tuma kwa zfs send -t na huo mstari, inaendelea ilipoishia. Laini zetu hizi bila hiyo kitu usingemaliza mzigo mkubwa hata siku moja.

Kuna watu watakuambia tumia send -R na recv -F ufanye vyote kwa mstari mmoja. Inafanya kazi, ila -F pamoja na -R inafuta kule kila kilichofutwa huku, snapshoti na dataseti. Mimi napenda kule pabaki na kumbukumbu yake, kwahiyo kitanzi.

Sasa sehemu ambayo watu hawafanyi, na ndo sehemu ninayoijali kuliko zote: kufungua. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu kama unayo. Sisi kila Jumatano Moro inafungua yenyewe, haigusi nakala halisi, inatengeneza kloni, yaani pacha wa snapshoti anayeweza kuandikwa:

zfs clone -o mountpoint=/jaribio/pg hazina/mfumo/pg@$S hazina/jaribio-pg

Kloni inatoka papo hapo na haili nafasi. Chagua $S ambayo ipo kwa watoto wote watatu, mara nyingi pg imefika na nyaraka bado iko njiani. Toa faili la postmaster.pid (alama kwamba Postgres inatembea), washa kwenye poti nyingine, listen_addresses iwe localhost, na archive_mode zima, usipozima kloni inaweza kuanza kutupa WAL zake kule zinapokaa za mfumo halisi. Kama programu yako inatuma SMS kwa wanachama isiwashwe kwenye jaribio, hakuna mkulima anataka kuambiwa mara mbili anadaiwa. Kwenye logi utaona database system was not properly shut down, usishtuke, ndo tunayoitaka, inafuata redo na mwisho ready to accept connections. Isipofika hapo nipigie kelele, hamna kulala.

Kuwaka peke yake hakutoshi. Pale Dodoma nina kijedwali kinaitwa mapigo, kila sekunde 10 kinaandikwa saa ya sasa, kwenye kloni naangalia mapigo ya mwisho ni ya saa ngapi nalinganisha na jina la snapshoti. Alafu pg_amcheck, kikaguzi cha Postgres, inapita kwenye majedwali na indeksi, alafu nachukua mikopo 50 ya mwisho naangalia kama fomu zake zipo kweli kwenye nyaraka. Ikikubali zfs destroy kloni, matokeo yanaenda kwenye daftari.

Vitu viwili vilivyotukamata kwenye majaribio, bora kwenye majaribio kuliko siku ya msiba. Ubuntu na Debian zinaweka konfigi za Postgres kwenye /etc/postgresql, sio kwenye folda la data, kwahiyo snapshoti haizibebi, ni lazma uzinakili pembeni. Na toleo la Linux liwe moja pande zote. glibc (maktaba ya msingi ya Linux) 2.28 ya mwaka 2018 ilibadilisha mpangilio wa herufi, ukichukua indeksi iliyojengwa kwenye glibc ya zamani ukaifungua kwenye mpya inaanza kukosa majina ambayo yapo, na haikuambii. Mwanachama yupo, mfumo unasema hayupo. Toleo kuu la Postgres nalo lazma lifanane, huku 16 kule 16.

Alafu hii sio bakapu, tusikilizane. Mtu akifuta jedwali Dodoma, baada ya dakika 5 limefutika na Moro, kwa uaminifu kabisa. Snapshoti za zamani kule zinasaidia, sisi tunaweka za kila saa kwa siku 7 na za kila siku kwa siku 60, ila bado pg_dump ya kila usiku ipo pembeni kwenye diski nyingine isiyo na ZFS. Angalia tu puli isijae, ikipita asilimia 80 anza kununua diski.

Siku ya kuhama kweli, hofu kubwa ni Dodoma kurudi hai wakati Moro imeshaanza kupokea, ukawa na vitabu viwili vya hesabu. Kwahiyo la kwanza hakikisha Dodoma haitapokea: kama unaifikia simamisha databezi, piga snapshoti ya mwisho itume, na uzuie isiwake yenyewe umeme ukirudi. Kama huifikii, mtu aende Makole achomoe waya wa mtandao kwa mkono, na asiurudishe hadi aambiwe na mtu mmoja aliyeteuliwa. Ndipo Moro zfs set readonly=off kwenye kila dataseti, uzipe mountpoint zake, washa, mapigo, geuza DNS (jina linaloelekeza watu kwenye seva) ambayo TTL yake, muda wa kukumbukwa, ulishaishusha mapema. Kroni ya kutuma izimwe pande zote.

Kurudi Dodoma usiwe na haraka. Diski za pale zina miamala ya zile dakika ambazo hazikufika Moro, na ukikimbilia zfs rollback -r zinapotea kabisa. Kwanza piga snapshoti ya hali ilivyo, itume kwenye puli nyingine au diski ya nje, ifungue, toa orodha ya miamala yote iliyo juu ya mapigo ya mwisho ya Moro, mkabidhi mhasibu akae na stakabadhi na meseji za wakala aingize mmoja mmoja. Akishasaini ndo unarudisha Dodoma kwenye snapshoti ya mwisho ya pamoja, unatuma mabadiliko kutoka Moro kuja huku hadi yakaribie, unachagua Jumapili asubuhi watu wako kanisani, unasimamisha dakika chache, unatuma ya mwisho, unawasha Makole.

Ile diski ya nje sisi tunaiweka kabatini hadi hesabu za mwaka zikaguliwe.